Kuhusu pombe "isiyonenepesha": nasahihisha nilichowaambia

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya ubwiri unga kwenye zabibu, lakini nimeusogeza mbele. Kuna jambo nililisema mbele za watu, likaenda mbali kuliko nilivyotaka, na ni haki nilirudie hapa ambapo wengi wenu mnanisoma.

Wanakikundi wa zabibu mnakumbuka kile kikao cha lishe tulichofanya chini ya mwembe, baada ya mavuno. Tulianza vizuri na mboga za majani na kunde. Mwishoni mama mmoja akauliza swali ambalo halikuwa kwenye ratiba yangu: "Bwana shamba, hawa wanaume matumbo yanakua kila mavuno, wanywe nini basi kisichonenepesha?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba bia ina wanga na pombe ya mtama ni uji mtupu, kwa hiyo anayetaka kupunguza mwili ni afadhali anywe kali kidogo, kwa sababu haina sukari.

Jibu hilo nililitoa kwenye simu. Nilikuwa nimesoma kwamba kipimo kimoja cha pombe kali kina kalori kama 60, na chupa ya bia kama 200. Namba zenyewe ni za kweli, ila ushauri nilioujenga juu yake ulikuwa mbaya. Aliyelipa si mimi. Ni mzee mmoja wa kikundi chetu, mtu wa makamo ya baba yangu, ambaye ana kisukari na anameza vidonge kila siku. Alinisikiliza vizuri kuliko wote. Aliacha bia zake mbili za jioni, akaanza kununua kichupa cha kali. Na kwa kuwa nilikuwa nimezungumza sana juu ya kalori, akaona afadhali aache na ugali wa usiku.

Siku moja asubuhi, wakati wa kupogoa, vijana walimkuta shambani kwake ameegemea nguzo ya mzabibu, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi, mikono inatetemeka, maneno yake hayaeleweki. Wakacheka wakasema babu ameamka nayo. Wakaendelea na kazi. Mke wake ndiye aliyefika na uji, akamwona, akakoroga sukari kwenye maji akamnywesha angali anaweza kumeza, kisha akaita bodaboda. Zahanati wakampima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Muuguzi akamuuliza nani alimwambia anywe kali bila kula. Akajibu, "Bwana shamba."

Mzee yupo, anaendelea na shamba lake. Nilikwenda kumwona, nikampa shikamoo, nikaanza kuomba radhi. Akaniambia nisilie, nikaeleze vizuri. Ndiyo kazi ninayoifanya leo.

Naanza na kalori yenyewe, maana hapo ndipo nilipoteleza. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Wafugaji wa nguruwe mnalijua hili hata bila jina: pumba zina nguvu, mashudu yana nguvu, na machicha ya pombe tunawapa nguruwe kwa sababu bado yana chakula ndani yake. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya kilevi chenyewe, kile kinacholevya, ina kalori 7. Yaani kilevi kinakaribia mafuta kuliko sukari. Niliposema kali haina sukari nilisema kweli, lakini ni sawa na kumwambia mtu kwamba mafuta ya alizeti hayana sukari, kwa hiyo anywe.

Tena mwili hauna ghala la kuhifadhi kilevi. Kikiingia, ini linakishughulikia kwanza, na mafuta uliyokula pamoja nacho yanasubiri. Yale yanayosubiri ndiyo yanayokwenda kukaa tumboni. Ndiyo maana mtu hawezi kusema "mimi bia hainenepeshi, kinachoninenepesha ni kitimoto." Vinasaidiana.

Sasa hesabu. Nimeirahisisha ili uweze kuifanya kwenye simu hata ukiwa kaunta. Kwenye kila chupa halali kuna vitu viwili vimeandikwa: ujazo kwa mililita na asilimia ya kilevi. Zidisha mililita kwa asilimia, halafu gawanya kwa 18. Utapata kalori zinazotokana na kilevi peke yake. Baada ya hapo ongeza sukari na wanga kama vipo.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5: mara 500 kwa 5 ni 2,500, gawanya kwa 18 unapata kama 139. Bia ya kawaida ina wanga uliobaki, tuseme gramu 15 kwenye chupa hiyo, ambao ni kalori 60. Jumla ni 200. Bia nne ni 800. Unga wa mahindi una kalori zipatazo 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo bia nne ni sawa na ugali wa unga unaokaribia robo kilo, ambao umeula juu ya ule wa nyumbani.

Sasa kali. Kipimo cha mililita 30 chenye asilimia 35: mara 30 kwa 35 ni 1,050, gawanya kwa 18 ni 58. Hiyo ndiyo namba niliyoisoma. Lakini niambie, nani kwenye kata yetu anakunywa kipimo cha mililita 30, akafunga, akaenda kulala? Kipimo hicho ni cha hoteli, mahali ambapo mhudumu anamimina kwa kikombe cha chuma na kuondoka na chupa. Sisi tunauza na kununua chupa. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, na siku hizi kinachoshikwa mkononi ni kichupa. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35: mara 200 kwa 35 ni 7,000, gawanya kwa 18 ni 389. Hizo ni kalori za bia mbili kasoro kidogo. Na kilevi kilichomo si cha bia mbili, kinakaribia cha bia tatu. Mzee alikuwa anakunywa bia mbili, mimi nikamhamishia kwenye kitu chenye kalori zilezile na kilevi zaidi kwa karibu nusu. Hakuna alichopunguza.

Na hapo sijaweka soda. Wengi hawawezi kunywa kali kavu, wanachanganya. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani kalori karibu 150. Kichupa kimoja na soda moja ni kalori zinazozidi 500. Wanaochanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu wana tatizo jingine juu ya hilo: kile kinywaji kinamfanya mtu ajione yuko macho wakati amekwisha kulewa, na huyo ndiye anayepanda pikipiki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kinachoamua ni kiasi cha kilevi ulichoingiza tumboni mpaka unapoondoka, halafu sukari iliyokuwa pamoja nacho. Jina la kinywaji na rangi yake havina neno.

Hili la kisukari nalitenga peke yake, na naomba ulisome hata kama wewe huna, kwa sababu anayekuwa karibu na mgonjwa kilabuni ni wewe, daktari hayupo. Mtu asipokula usiku, ini ndilo linalotoa sukari kidogo kidogo kwenye damu mpaka asubuhi. Akiwa amekunywa pombe, ini lina kazi ya kuondoa kilevi na linapunguza kutoa sukari. Kama mtu huyo ametumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi ambavyo huusukuma mwili kushusha sukari, basi sukari inaweza kushuka mpaka hatari. Inaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata kesho yake asubuhi shambani. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, ulimi mzito, na mwisho kuzimia. Zitazame hizo dalili vizuri. Ni zilezile za mlevi. Ndiyo maana vijana walicheka.

Ukimwona mtu unayejua ana kisukari yuko hivyo, usibishane kama amelewa au hajalewa. Kama ana fahamu na anameza, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha mpeleke zahanati. Kama hana fahamu, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mkimbize. Na mgonjwa wa kisukari anayekunywa, au mwenye presha, au anayetumia dawa yoyote ya kila siku, aulize zahanati kwanza kabla ya kubadili kinywaji. Asiniulize mimi. Stashahada yangu ni ya kilimo.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama, kwa sababu lilikuwa swali zuri na jibu lipo.

Kwanza bia nyepesi, zile za lite. Zinasaidia, lakini kidogo kuliko matangazo. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4 ina kama kalori 150. Umeokoa 50 kwa kila chupa, vijiko vitatu hivi vya chai vya sukari. Si haba kama unakunywa mbili na kuondoka. Lakini nimekaa kwenye viti vya plastiki vya kutosha kuona kinachotokea: mtu akihama kwenye nyepesi, anasema hii ni maji, anaongeza. Bia tatu za kawaida ni 600. Nyepesi tano ni 750. Amelipa zaidi na ameingiza zaidi. Ukitaka kuhamia nyepesi, hesabu chupa zako ziwe zilezile au zipungue. Kama zinaongezeka, rudi kwenye ya kawaida ukanywe moja. Afadhali zaidi ni kuangalia ujazo: kichupa cha mililita 330 chenye asilimia 4 kina kalori kama 100 tu, nusu ya bia kubwa ya kawaida. Kwa maoni yangu chupa ndogo inamsaidia mtu kuliko neno lite, kwa sababu ikiisha imeisha.

Pili pombe zetu, za mtama na uwele, ujimbi wa huku kwetu. Nimewahi kusikia watu wanaziita chakula, na kwa kweli ni chakula, ndilo tatizo lenyewe kwa mwenye tumbo. Kilevi chake ni kidogo kuliko cha bia, lakini nani anakunywa nusu lita? Kopo la lita moja lenye asilimia 4 ni kalori 222 za kilevi, na juu yake kuna unga uliobaki ndani. Kila gramu 50 za unga zinazoelea humo ni kalori 180 nyingine. Ukinywa makopo mawili halafu ukaenda nyumbani ukala ugali, umekula mara mbili. Anayekunywa pombe ya nafaka na ahesabu kwamba ameshakula sehemu ya ugali wake, apunguze tonge, abakize mboga na maharage. Asiache kula kabisa, nimeshaeleza kwa nini.

Gongo siizungumzii hapa kwa kalori. Hairuhusiwi kisheria, haina asilimia iliyoandikwa, na ndani yake inaweza kuwemo methanoli inayopofusha na kuua. Anayehesabu kalori za gongo anahesabu kitu kisicho cha kwanza.

Tatu mvinyo, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo shamba letu.

Wakulima wa zabibu mmeona wanunuzi wanavyopima sukari kwa kile kidarubini kidogo, tone moja la maji ya zabibu, wanasoma namba. Wanachotafuta ni hiki: kila gramu kama 17 za sukari kwenye lita moja ya mchuzi, hamira ikizila zote, zinatoa asilimia 1 ya kilevi. Mchuzi wenye gramu 220 za sukari kwa lita ukichachuka mpaka mwisho unatoa mvinyo wa asilimia kama 13. Sukari imekwisha. Huo ndio mvinyo mkavu, ule mnaouita drai. Wengi wetu tukiuonja mara ya kwanza tunakunja uso.

Mvinyo mtamu ni ule ambao uchachu ulisimamishwa kabla hamira haijamaliza sukari, au umeongezwa sukari baadaye. Na tuseme ukweli baina yetu: wasindikaji wadogo wengi, pamoja na baadhi ya wanakikundi wangu, wanamimina sukari ya dukani kwenye pipa mpaka mteja atabasamu. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo mkavu wa asilimia 12 ina kalori 100 za kilevi na chembe ndogo ya sukari. Glasi hiyohiyo ya mvinyo mtamu wa asilimia 15 wenye gramu 100 za sukari kwa lita ina kalori 125 za kilevi na 60 za sukari, jumla 185. Tofauti ya glasi mbili tu kwa siku ni kalori 150 au zaidi, sawa na soda nzima.

Kama umekuwa ukiniuliza ni kinywaji gani cha kwetu chenye kalori chache kwa mtu anayekunywa kistaarabu, jibu langu ni glasi moja ya mvinyo mkavu wa zabibu zetu, pamoja na chakula na maji pembeni. Glasi moja, siyo chupa moja. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ni kalori 500 za kilevi peke yake.

Najua mtaniambia kwamba namtetea mkulima wa zabibu. Ndiyo, namtetea, analipwa mshahara wake afisa ugani kwa kazi hiyo. Lakini hesabu iko pale, ifanye mwenyewe. Na nina hoja na wanakikundi pia. Kila msimu tunalia kwamba zabibu zimekosa mnunuzi, zinaoza mtini, na anayesindika mchuzi anasindika mtamu tu kwa sababu "ndio unaotoka." Watu wa mjini wenye kisukari na presha wanazidi kuuliza drai. Tukitenga mapipa mawili tu kila msimu, tukaacha hamira imalize kazi yake, hatununui hata ile sukari ya kuongeza. Ni gharama ndogo zaidi. Kazi yake ni usafi wa vyombo na uvumilivu, kwa sababu mvinyo mkavu hauna utamu wa kuficha makosa ya pipa chafu. Labda ndiyo sababu halisi tunaukwepa.

Sasa wewe mfanyabiashara. Baada ya kile kikao changu niliona kwenye grosari moja bango la karatasi: "Kali haina sukari, haijazi tumbo, ushauri wa kitaalamu." Kitaalamu ni mimi huyo. Naomba liondolewe, na najua nikipita nitalikuta limeondolewa. Usimuuzie mtu kinywaji kwa kumwambia ni dawa ya kitambi. Kama unasindika mvinyo wako mwenyewe, andika kwenye lebo asilimia ya kilevi na kama ni mtamu au mkavu, kwa ukweli, na fuata taratibu za TBS kabla hujaweka rafuni. Mteja anayeona namba na kuihakiki anarudi.

Na angalia unauza nini pembeni. Chipsi mayai sahani moja inaweza kuzidi kalori za bia tatu. Mishikaki ya nyama isiyo na mafuta mengi, supu ya kuku, kachumbari, mahindi ya kuchoma, hivi vinauzika na havimwongezei mtu mzigo kama chipsi. Weka jagi la maji bure kaunta. Najua utasema maji yatapunguza mauzo. Mwenye grosari mmoja kwenye kata yetu anaweka, na wazee wanakwenda kwake kwa sababu hawaamki na kichwa kinachogonga.

Kuna kitu kingine ambacho sikukisema kwenye kikao, na kinatuhusu sisi kuliko watu wa ofisini. Kalori zilezile haziangukii mahali pamoja kwa kila mtu. Wakati wa palizi mkulima anashika jembe tangu alfajiri, anachoma nguvu nyingi, bia mbili za jioni hazionekani. Baada ya mavuno jembe linawekwa, na hapo ndipo fedha inapokuja. Kunywa kunapanda katika miezi ambayo kazi imeshuka. Tazama mwenyewe mkanda wako unavyokwenda kwa misimu. Mafuta ya mwili kilo moja ni kalori kama 7,700. Bia nne mara mbili kwa wiki ni kalori 1,600, na kama hukupunguza kitu kingine, wiki tano zinatosha kuongeza kilo moja. Kiangazi chetu kina wiki ngapi? Mwenye duka hali yake ni mbaya zaidi, kwani yeye anakaa mwaka mzima, na chupa ziko nyuma yake. Ushauri wangu hapa ni mwepesi kuliko kubadili aina ya kinywaji: fedha ya mavuno ikiingia, panga siku mbili tu za kunywa kwa wiki, na ukae na idadi yako. Na kula kabla, chakula cha kawaida cha nyumbani. Mwenye njaa hunywa haraka, halafu saa nne ya usiku ananunua chipsi.

Sijaandika haya kumfanya asiyekunywa aanze kutafuta mvinyo mkavu. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na pombe inahusishwa na saratani bila kujali ni bia, mvinyo au kali. Kalori chache hazifuti hilo. Mama mjamzito asinywe kabisa, dereva wa bodaboda asinywe akiwa kazini, na mtoto asitumwe hata kununua. Ninaandika kwa yule ambaye anakunywa na ataendelea kunywa, ambaye alinisikiliza nikamwelekeza vibaya.

Yule mzee, baada ya kuzungumza na muuguzi, ameacha pombe kwa sasa. Jioni anakaa palepale kwenye kiti chake kwa kuwa ndiko rafiki zake waliko, anakunywa maji na kikombe cha chai isiyo na sukari. Mwenye grosari alianza kwa kumtania, sasa anamtoza bei ya chai. Juzi nilipopita aliniita mbele ya watu, "Bwana shamba, njoo uwafanyie hawa hesabu yako ya kumi na nane." Nikatoa simu. Tulipima chupa zote zilizokuwa mezani, na mmoja aliyekuwa ameagiza kichupa cha pili akakirudisha akachukua supu.

Kikao cha kikundi ni Alhamisi palepale chini ya mwembe. Kila mmoja aje na chupa tupu au lebo ya kinywaji anachokunywa au anachouza, tutapiga hesabu pamoja, na muuguzi wa zahanati amekubali kuja kueleza habari ya dawa. Mambo ya ubwiri unga na salfa nitayaandika wiki ijayo, msipulizie kabla hamjasoma.